Habari Iliyofika Karanga

Ijumaa, 5 Septemba. Moshi

Mizigo imepimwa. Hema, mitungi ya gesi, na mkungu mzima wa ndizi kwa sababu Mzee Swai hapandi mlima bila mtori, ile supu yetu ya ndizi. Nimemwambia ndizi ni nzito. Kanijibu kwamba hata maneno yangu ni mazito na bado wapagazi wanayabeba. Miaka kumi na mmoja nafanya kazi na mpishi huyu na sijawahi kumshinda kwa maneno. Ndizi zimepanda gari.

Wageni ni wawili tu. Wazee, wanajeshi wastaafu. Mmoja Kanali, mwingine Brigedia. Nchi zao zinapakana huko Asia na hazijapatana tangu zizaliwe. Majina ya nchi siyaandiki. Daftari hupotea.

Walikutana Kongo zamani, wote walinzi wa amani. Mmoja aliugua malaria, mwenzake akamlisha uji siku nne. Wakaahidiana kwamba wakistaafu watapanda Kilimanjaro pamoja. Wamestaafu, wamekuja. Nimewapenda. Kiswahili chao ni cha huko huko Kongo. "Dada, chakula iko muzuri mingi," kasema Brigedia hotelini. Nimecheka mpaka nikaona aibu.

Kesho geti la Machame saa tatu. Miguu yangu iko tayari kuliko ya vijana wote ninaowaongoza.

Jumamosi, 6 Septemba. Kambi ya Machame

Mvua ndogo msituni, tope hadi kwenye vifundo. Kanali anatembea na fimbo mbili, mgongo wima, hasemi. Brigedia ni mnene na anasema kwa niaba ya wote wawili. Kila akichoka anaanza hadithi ili tusimame tuisikilize. Mbinu nzuri. Nimeijua kwa hadithi ya pili ila nimemwacha.

Nimewafundisha shikamoo na marahaba. Kanali anaitikia "marahaba" kana kwamba anapokea gwaride.

Jioni nimewapima oksijeni kidoleni. Wote safi. Wameanza kushindana nani ana namba kubwa. Wazee wa miaka sitini na kitu wanabishania kidole.

Kanali kanionyesha picha ya mwanawe. Rubani wa ndege za kivita. Kijana mzuri, ana kovu juu ya jicho. Brigedia kaichukua picha, kaitazama sana, kasema alimwona huyu mtoto kwenye picha akiwa na sare za shule, huko Kongo. Kisha kakohoa na kumrudishia mwenzake.

Jumapili, 7 Septemba. Shira

Siku ya Bwana na mambo yameharibika.

Tumefika Shira saa nane. Kuna mtandao kwenye mwamba ule karibu na vyoo. Simu zao zimeanza kulia kama kuku wakiona kenge. Usiku wa jana nchi zao zimerushiana makombora. Leo asubuhi ndege zimeruka. Kila upande unasema umeanzwa.

Msaidizi wangu, Baraka, ndiye mchambuzi wetu wa mambo ya dunia. Ana bando kila siku na kichwa chake kimejaa ndege za watu. Amesimama mbele ya hema la jikoni akahutubia. Huyu ananunua ndege kwa Mchina na droni kwa Mturuki. Yule ana makombora ya Mrusi na ndege za Mfaransa. Mmarekani jana alikuwa rafiki wa huyu, leo wa yule, kesho wa mwenye soko. Waarabu wa Ghuba wanapatanisha huku wameshatia saini na upande mmoja. "Siku hizi hakuna kambi mbili tena, Mkuu. Ni kama mnada wa mbuzi."

Wapagazi, hawa tunaowaita wagumu, wamegawanyika kabla chai haijachemka. Wa Rombo wanamshabikia Mchina. Wa Old Moshi wanasema ndege ya Mfaransa haina mpinzani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona hata moja kati ya hizo. Nimewafukuza wakachote maji.

Kwenye hema la kulia ni kubaya zaidi. Kanali alikuwa na video ya mtangazaji wa kwao anayepiga kelele. Brigedia alikuwa na ya kwake. Wakaonyeshana. Kwanza kwa utani. Halafu sauti zikapanda kwa lugha yao wenyewe, kwani wanaelewana lugha, hilo ndilo la ajabu. Halafu kila mmoja akamgeuzia mwenzake mgongo. Migongo hiyo imenitisha kuliko kelele.

Nimeingia na kunyoosha mkono. Nimesema: simu zote mbili, hapa. Mlimani natawala mimi. Mtazipata Mweka, kwenye geti la kushukia. Nilidhani watakataa. Wamenipa kama watoto wa shule. Nadhani walikuwa wanasubiri mtu awaambie.

Zimezimwa, ziko ndani ya soksi yangu ya akiba. Najisikia jemadari.

Jumatatu, 8 Septemba. Barranco

Asubuhi Kanali amekula nje, kwenye jiwe. Brigedia ndani. Mzee Swai kapeleka uji kwa awamu mbili, analalamika kwamba hata harusi ya wake wenza haina kazi hivi.

Kwenye Mnara wa Lava upepo ulikuwa wa kukata masikio. Kanali kanivuta pembeni. Anataka tutengane. Mwongozaji wake, hema lake, siku yake ya kwenda kileleni. Hawezi kupanda na mtu ambaye jana alisema alichosema. Sikuuliza ni nini. Baada ya nusu saa Brigedia naye kaja na ombi lile lile, neno kwa neno. Ndugu kabisa hawa.

Nimewakatalia wote. Kibali ni kimoja na kina majina yao mawili. Mwongozaji mkuu ni mmoja, mtungi wa oksijeni ni mmoja. Mtu akizidiwa mlimani hatuulizi rafiki wa nani. Nimeyasema kwa sauti ya Mama anapogawa nyama: hakuna rufaa.

Njiani kushuka Barranco, Kanali kazungumza nami kidogo. Anasema alipoingia jeshini walimu wao walikuwa wa nchi moja kubwa, na mkataba ulikuwa mkataba. Mwanawe amefundishwa na watu wa nchi tatu tofauti na anarusha ndege yenye vipuri vya nchi tano. "Zamani tulikuwa na marafiki," kasema. "Sasa tuna wauzaji."

Nimemwonea huruma, na nimemkasirikia pia. Mtu anayeelewa mambo vizuri namna hiyo anashindwaje kula meza moja na mwenzake?

Jumanne, 9 Septemba. Karanga

 

Ukuta wa Barranco tumeupanda vizuri. Mahali pa kukumbatia mwamba, Brigedia aliteleza kidogo na Kanali, aliyekuwa mbele, akamshika mkoba. Hakumtazama. Akamwachia na kuendelea. Nikajisemea, haya yataisha. Nilikuwa najiamini mno.

Tumefika Karanga kabla ya saa saba. Hapa mtandao ni mzuri. Meneja wa ofisi kanipigia kwenye laini yangu. Binti wa Kanali amempigia tangu asubuhi, baba hapatikani. Ndege ya kaka yake imeanguka jana ng'ambo ya mpaka. Imedunguliwa na upande wa Brigedia. Kama aliruka na mwavuli au hakuruka, hakuna anayejua. Meneja kasema: usimwambie mpaka mfike chini, mzee anaweza kuanguka huko juu, tutasema nini.

Nimesimama nimeishika simu. Moyoni kitu kimoja tu: ni mimi niliyezizima simu zile. Habari ilikuwa yake, ikaja kwangu.

Kumwambia lazima. Kumficha mzazi hadi Mweka, siku mbili, nikimchekea? Siwezi. Swali lilikuwa namna.

Kwetu habari ya namna hii haitupwi. Inapelekwa. Anatumwa mtu wa rika lako, si mdogo wako. Akukute umekaa, umekula. Eliakimu, kaka yangu, alipogongwa na lori barabara ya Arusha, kuna mjinga alimpigia Mama simu akiwa Bomang'ombe sokoni, amesimama, mkungu wa ndizi kichwani, hajala tangu asubuhi. Alianguka palepale, meno mawili yakavunjika. Hadi leo hapiti upande ule wa soko. Nilijiapia kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo.

Kwa hiyo nimengoja ale. Mzee Swai alikuwa ameivisha mtori. Kanali leo kaingia hema la kulia kwa mara ya kwanza tangu Shira. Njaa ya ule ukuta. Amekula. Amesifu. Ameomba mara ya pili.

Wakati anakula nilitafuta wa kumtuma. Mzee Swai ana umri, ila Kiingereza hana, na hamjui. Mlima mzima una mtu mmoja tu wa rika la Kanali, anayeijua lugha yake, aliyemwona mtoto yule katika sare za shule. Na ni watu wake ndio waliomdungua.

Nimemfuata Brigedia nyuma ya hema lake. Nimemwambia wima wima. Uso ulimporomoka. Alikaa chini kwenye changarawe na unene wake wote.  Kisha kaniuliza kama nina hakika nataka iwe yeye. Nimemwambia kwetu jirani ndiye anayeleta habari, hata kama mna kesi ya mpaka. Akavaa kofia, akaivua, akaenda.

Sikusikia walichosema. Niliona kupitia kitambaa vivuli viwili, kimoja kimekaa na kimoja kimepiga magoti.

Saa tisa Kanali kaja jikoni. Macho makavu. Kauliza nilijua saa ngapi. Nikasema saa saba. Kauliza yeye alimaliza kula saa ngapi. Nikasema saa nane. Kanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Umeniacha niombe supu mara ya pili," kasema.

Hana hasira na Brigedia. Ana hasira na mimi. Nilijaribu kumweleza Mama, mkungu, Bomang'ombe. Kasema yeye ni mwanajeshi, kwao habari inatolewa ikiwa bado moto. Saa nzima iliyokuwa ya mwanawe, mimi nilimpa bakuli. Kaondoka.

Nimelia nyuma ya magunia. Nilifanya lililo sawa kwetu na nimemuumiza mtu. Yote mawili ni kweli na siwezi kuchagua.

Jumatano, 10 Septemba. Karanga bado

Kanali hashuki. Hapandi. Simu yake nimemrudishia, na hapa ndipo inaposhika. Njia ya kushuka Mweka ni masaa mengi ya msitu bila mtandao. Kasema atakaa hapa mpaka ajue.

Meneja kapiga mara tatu. Anataka tushuke, anataka helikopta, anataka niandike maelezo. Nimemwambia aandike yeye. Nimezungumza na askari wa hifadhi mwenyewe: mgeni ana msiba usiojulikana, tunaomba siku mbili za ziada. Askari ni mtu wa Kibosho, mtu mzima, kaelewa kabla sijamaliza. Maji yapo bondeni. Chakula Mzee Swai anasema kinatosha, na ndizi zile nilizozikataa ndizo zinazotulisha. Kazitaja mara nne tangu asubuhi.

Wagumu hawashabikii tena. Baraka kazima bando lake bila kuambiwa.

Saa nne Brigedia kaja kuniomba simu yangu. Si yake, yangu, yenye laini ya Tanzania. Kanieleza bila kuzungusha. Anamjua mtu. Kijana aliyemfundisha kazi, leo ni jenerali wa jeshi lao, upande ule wa mpaka. Anataka kumuuliza neno moja: rubani yu hai au la. "Kwetu kumuulizia rubani wa adui, katikati ya vita, kuna jina lake," kasema. "Na jina hilo si urafiki." Ana pensheni. Ana wajukuu wanaosoma shule za jeshi. Nimempa simu.

Kawapigia watu watatu. Wawili wamekata aliposema jina la kijana. Wa tatu, yule jenerali, kasikiliza, kasema hajui kitu, kisha kauliza: kuna alama yoyote mwilini?

Hapo ndipo nilipoona kazi. Kovu la kijana yule wote tulilijua kwa picha. Brigedia angeweza kulitaja palepale. Hakulitaja. Kasema atapiga tena. Kamwendea Kanali kwenye jiwe lake kumwomba ruhusa.

Nilikuwa karibu, naanika soksi. Kanali hakujibu. Nilielewa anapima nini. Kama kijana amejificha porini, kumpa adui alama yake ni kumsaidia adui kumtafuta. Kama yuko mikononi mwao na hajataja jina, babake atakuwa ndiye aliyemtaja. Na akinyamaza, atabaki kwenye jiwe lile hajui. Anayeuliza ni mtu aliyemlisha uji Kongo, na pia ni Brigedia wa jeshi lile.

Dunia nzima inatia saini mikataba kwenye meza ndefu zenye maua na kuivunja mwezi ujao. Hawa walikuwa na jiwe moja na upepo. Nusu saa nzima. Soksi zilikauka.

Kisha Kanali kapitisha kidole juu ya jicho lake la kushoto, taratibu. Kasema alianguka na baiskeli, ana miaka saba. Kataja na jina la utani la mtoto, lile la nyumbani. Brigedia kakubali kwa kichwa na kuondoka kupiga.

 Niliwapelekea chai, vikombe viwili kwenye sinia moja. Wamekunywa.

Alhamisi, 11 Septemba. Karanga

Asubuhi kweupe, Kibo inang'aa kama bati jipya. Siku ya kupanda kabisa na sisi tumekaa. Makundi mengine yanapita kwenda kambi ya Barafu, yanatuangalia kama wagonjwa.

Simu imelia saa tano na dakika chache. Namba ya nje. Brigedia kaipokea, kageuka mgongo. Niliona bega lake moja likishuka, kisha la pili. Nilijua imekwisha. Sikujua imekwisha vipi.

Kageuka. Alijaribu kusema, sauti ikakataa. Kagusa nyusi yake. Kisha kaonyesha mguu, akafanya ishara ya kuvunja kijiti. Kisha kalaza shavu kwenye kiganja, kama mtu aliyelala hospitali. Nikamuuliza kwa Kiswahili, yu hai? Kasema, "Hai. Iko hai. Kovu iko."

Kanali alikuwa chooni. Kile kihema chetu chembamba cha choo, zipu hadi juu. Brigedia alitaka tungoje atoke, heshima ya mtu. Mimi sikungoja. Nilikimbia hadi pale, nikapiga turubai kwa kiganja, nikapaza sauti kambi nzima ikasikia:

"Kanali! Yu hai! Mguu umevunjika, yuko hospitali, yu hai!"

Sauti ndani, ndogo, ikauliza tena. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu bila kuulizwa.

Katoka mkanda haujafungwa. Kanipita. Kasimama mbele ya Brigedia. Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Kanali kamshika mkono wa koti, hapo juu ya kiwiko, na hakuachia. Wamesimama hivyo wakitazama mawingu chini yao, upande wa Moshi.  Mzee Swai kafuta macho kwa aproni na kudai ni moshi wa jiko. Jiko letu ni la gesi.

Kijana yuko mikononi mwa upande wa pili. Wachungaji wa mbuzi walimkuta. Ni mateka, lakini ana jina na kitanda.

Nimefurahi sana hata nimeshindwa kula.

Ijumaa, 12 Septemba. Kambi ya Mweka

Tunashuka. Jana jioni nilimwambia Brigedia oksijeni yake nzuri, hali ya hewa nzuri, naweza kumpeleka kileleni na Baraka akabaki na Kanali. Kasema kilele hakihami, binadamu ndio wanaohama. Sikumbembeleza.

Naandika ukweli: inaniuma. Tangu niwe mkuu sijawahi kushusha kundi zima bila mtu hata mmoja kufika juu. Wenzangu watanitania hadi Krismasi. Na ningefanya vilevile tena.

Magoti ya Brigedia yamekwisha. Kanali kampa fimbo moja kati ya mbili zake. Wameshuka hivyo, kila mtu na fimbo yake.

Kanali kazungumza nami kwa upole leo, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kauliza jina la Mama yangu. Nikamwambia. Kauliza meno yale yaliwekwa mengine? Nikasema hapana, alikataa. Katikisa kichwa. Hakuomba radhi nami sikuomba. Kwa mbele kidogo kasema kwamba hata kwao, zamani, bibi yake alikuwa hivyo: mtu ale kwanza. Basi.

Jumamosi, 13 Septemba. Moshi

Geti la Mweka. Wagumu wameimba, Brigedia kacheza kwa magoti yale yale mabovu.

Kila safari huisha na picha ya kundi. Leo Kanali kaomba wasiwe kwenye picha moja. Si kwa chuki. Picha inasafiri, na huko kwa akina Brigedia kuna watu wanaotafuta ushahidi anajuana na nani. Nimepiga mbili. Katika moja Kanali na wagumu, katika nyingine Brigedia na wagumu, nyuso zile zile nyuma.

Kwenye gari, mbele yangu, kila mmoja kafuta namba ya mwenzake. Wamefanya kazi hiyo kwa utulivu, kama watu wanaosafisha bunduki. Kisha kila mmoja kahakikisha mimi ninayo namba yake. Sikuulizwa kama nakubali. Nimekubali.

Ndege mbili, njia mbili, kwa kuwa anga ya mpakani imefungwa. Gari moja limempeleka Kanali uwanjani mchana, jingine Brigedia jioni. Brigedia kapunga mkono hadi kona.

Nyumba ni kimya. Nimeoga maji ya moto ndoo mbili.

Jumamosi, 27 Septemba. Masama

Niko kihambani, shamba letu la ukoo, kwa Mama. Tunachuma kahawa tangu asubuhi. Mwaka huu matunda ni mekundu vizuri, si haba. Mama anachuma haraka kuliko mimi na anajua kwamba najua.

Vita ya wale imesimama siku kumi sasa. Redio inasema wamepatanishwa na nchi ya Ghuba, na kwamba aliyebeba kalamu ni yule aliyewauzia wote silaha. Baraka kanitumia uchambuzi wa sauti wa dakika kumi na nne. Sijausikiliza.

Wiki iliyopita Kanali aliandika. Kijana amekabidhiwa mpakani, anachechemea, kaenda kulala chumba chake cha utotoni. Nilipiga kelele, majirani wakaja wakidhani nyoka.

Lakini Brigedia alikuwa ameniandikia kwamba ameitwa kuhojiwa. Kuhusu simu fulani kutoka Tanzania. Tangu hapo kimya. Kila jioni Kanali ananiandikia maneno mawili tu: kuna habari? Kila jioni najibu bado. Yeye hawezi kumpigia, hawezi kumuuliza mtu wa kwao. Ana mimi tu, na mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka na debe la kahawa.

Leo saa kumi na moja jioni simu imetetemeka mfukoni. Brigedia. "Dada shikamoo. Wamenihoji mingi. Niko nyumbani, pensheni wamechukua, wajukuu wako salama. Mimi iko muzuri." Anaamkia vibaya, mimi ndiye wa kumwamkia yeye. Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama katikati ya mibuni.

Mama kauliza ni nani. Kaniambia nikae kwanza, ninawe mikono, chakula kiko tayari, habari haikimbii.

Huko kwao ni saa ya chakula cha jioni. Kanali yuko mezani na mwanawe.

Nimemtumia Kanali hapo hapo, kidole kikiwa na utomvu wa kahawa.